Mistari Inayovuka Mpaka: Sanaa na Maelewano ya Dini Vyuoni

Hotuba hii ilitolewa Mbale, mashariki mwa Uganda, mbele ya walimu wa sanaa, walezi wa dini vyuoni na viongozi wa wanafunzi. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizooneshwa siku hiyo zimeachwa.

Masheikh wetu, mapadre, wachungaji, ndugu zetu Abayudaya, Wayahudi wa kilima cha Nabugoye, walimu, na ninyi wanafunzi mliojazana nyuma huku viti vya mbele vikiwa vitupu: Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Shalom. Mulembe.

Nimeombwa nizungumze juu ya sanaa na namna inavyoweza kuwakutanisha wanafunzi wa dini mbalimbali. Naanza na picha ambayo nawaomba msiichore. Mnaijua. Msalaba upande huu, hilali upande ule, katikati mikono miwili imeshikana, juu njiwa, chini neno Amani. Imeshachorwa kwenye kuta ngapi? Na nani kati yetu amewahi kusimama mbele yake akauliza swali? Picha hiyo huchorwa na kijana mmoja hodari, wenzake wakimshikia ndoo na kupiga picha za simu. Rangi ikikauka, kila mmoja anarudi bwenini kwa marafiki zake wale wale wa siku zote.

Nina jambo moja la kusema leo, mengine yote ni maelezo yake. Sanaa haiwaelewanishi watu kwa ujumbe wake. Inawaelewanisha kwa kazi yake. Tafuteni kazi ambayo mtu hawezi kuimaliza bila kumuuliza jirani yake, kisha mwacheni amuulize. Kazi kwanza. Ujumbe utajileta.

Ushahidi uko hapa hapa, nje kidogo ya mji huu. J.J. Keki, mkulima wa Kiyahudi wa Abayudaya, alikuwa New York siku majengo yale mawili yalipoangushwa, Septemba 2001. Mwaka 2004 aliwaendea majirani zake Waislamu na Wakristo akawaomba waungane. Waungane kufanya nini? Semina? Maandamano? Hapana. Kuuza kahawa. Wakaunda ushirika, wakauita Mirembe Kawomera, amani tamu. Nyimbo za wakulima hao zilirekodiwa, na mwaka 2013 zikatolewa Marekani na lebo ya muziki ya Smithsonian Folkways. Zisikilizeni zinaimba nini: kahawa, bei ya haki, faida ya kushirikiana na jirani wa dini nyingine. Walikutana kwenye mizani kwanza, wimbo ukaja baadaye. Laiti wangeanza na wimbo, sidhani kama tungekuwa nao leo.

Sasa tuuchukue mfano huo tuuweke ukutani, kwa vipimo.

Chukueni ukuta wa mita 6 kwa mita 2.4. Hizo ni mita za mraba 14.4, na mtu mrefu akisimama juu ya benchi imara anafika juu bila jukwaa la mafundi. Chukueni wanafunzi 24. Wagaweni makundi 6 ya watu wanne wanne. Ukuta nao ugaweni miraba ya sentimita 40: miraba 15 kwenda kulia, 6 kwenda juu, jumla 90. Kila kundi lipate kipande cha miraba 15, yaani mitano kwa mitatu, mita 2 kwa mita 1.2. Vipande vitatu juu, vitatu chini.

Hesabuni mipaka sasa. Kuna mipaka 7 ambapo kipande cha kundi moja kinagusana na cha kundi jingine. Hiyo mipaka 7 ndiyo mradi wenyewe, ndugu zangu. Ndiyo mradi wenyewe! Kanuni ni hii: kila mpaka lazima uvukwe na mistari isiyopungua mitatu, na mistari hiyo ikubaliwe na makundi yote mawili kabla mtu hajagusa ukuta. Kila kundi lichore kipande chake kwenye karatasi ya sentimita 20 kwa 12, kipimo cha moja kwa kumi, kila mraba wa karatasini ukiwa sentimita 4. Kisha makundi yanayopakana yakae nusu saa, karatasi zikiwa ubavu kwa ubavu. Mgongo wa Wanale, mlima wetu hapa, ukitoka kwenu sentimita 9 kutoka chini, kwetu uingie sentimita 9. Mto wenu ukiwa wa buluu, wetu utabadilika rangi wapi, na kwa nini? Kipande cha chini katikati, kama kile cha juu yake, kina majirani watatu, na wenyewe wataongea mpaka koo ziwakauke. Wapeni kundi lenye subira.

Kwa nini nimetaja Wanale? Kwa sababu mandhari haina dini na kila mtu anaijua. Mlima, migomba, kahawa, barabara ya vumbi, mvua inayoshuka kutoka Elgon. Katika miaka ya 1950 Elimo Njau, Mtanzania aliyesomea sanaa Makerere, alichora maisha ya Yesu kwenye kuta za kanisa la Murang'a, Kenya, kanisa la kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa Mau Mau. Aliuweka mkasa wote katika vilima vya Wagikuyu, watu wakiwa Waafrika. Ni kazi ya Kikristo kabisa, hakuificha imani yake. Lakini mtu asiye Mkristo akifika pale ana pa kuanzia: vilima vile anavijua. Mpeni mgeni pa kuanzia.

Katika utekelezaji, jambo la kwanza ni kuwagawa wanafunzi, maana hapa ndipo miradi mingi inapovunjika kabla ya brashi kulowa. Sensa ya Uganda ya 2014 iliwahesabu Wakatoliki asilimia 39.3, Waanglikana 32, Waislamu 13.7, Wapentekoste 11.1. Ukichukua watu 24 bila kupanga, utapata Waislamu watatu hivi. Ukiwatawanya, kila mmoja anakuwa peke yake kundini, na mtu aliye peke yake hageuki kuwa mchoraji, anageuka kuwa balozi. Kila swali anaulizwa yeye. Baada ya siku mbili amechoka, siku ya tatu haji. Kwa hiyo: asikae mtu peke yake. Wawili wawili. Tafuteni Waislamu 8, waingie makundi manne, na makundi mawili yaliyobaki yachanganye Wakatoliki na walokole. Hapo msitegemee kupumzika. Ubishi wa sanamu na bikira Maria baina ya Wakristo kwa Wakristo huwa mkali kuliko ule wa msikitini na kanisani. Kwa wenzetu wa Chuo Kikuu cha Kiislamu hapa Mbale hesabu inageuka: huko Mkristo ndiye wa kuwekewa mwenzake.

Jambo la pili. Vifaa vina dini. Mnacheka? Shikeni brashi. Brashi nyingi nzuri za rangi madukani zimetengenezwa kwa manyoya ya nguruwe. Mwanafunzi Mwislamu anaweza kuishika wiki nzima, halafu mtu akamwambia. Si yeye tu, hata Msabato au Myahudi anaweza kuudhika. Mnunue brashi za nailoni. Na msimwamini muuzaji kwa maneno: nunueni moja kwanza, mng'oe unywele mmoja, mwashieni kiberiti. Manyoya hunuka kama nywele iliyoungua na kubaki majivu. Nailoni huyeyuka ikawa kitone kigumu. Na kwa rangi ya maji nailoni ni bora hata bila suala la dini, kwa kuwa manyoya hunywa maji, hulegea na kupoteza ncha.

Rangi iwe ya maji, isiwe ya mafuta. Sababu ya kwanza ni kuosha: sabuni na maji vinatosha, hakuna tina, ile dawa kali ya kuyeyushia rangi. Sababu ya pili ni mfungo. Mwaka 2026 Kwaresima na Ramadhani zilianza wiki moja. Mtu aliyefunga, jua la saa nane, na harufu ya tina: mtamwokota chini. Kwa ukuta wenye lipu ya kawaida hesabuni lita 1 kwa mita za mraba 8 hivi. Mikono miwili ya rangi nyeupe ya chini inakula kama lita 3.6, kwa hiyo kopo la lita 4 linatosha. Jingine la lita 4 ni la kuchanganyia. Rangi kali za kutia humo, nyekundu, buluu, njano, nyeusi na kahawia, huenda kidogo kidogo, msizinunue kwa ndoo.

Na lipu mpya isipakwe kabla ya wiki nne. Saruji mbichi ina ukali unaochoma rangi na unyevu unaoisukuma nje. Bandikeni usiku kucha karatasi ya nailoni safi ukutani, kingo zote zizibwe kwa utepe. Asubuhi mkikuta matone ndani, subirini. Ukuta ukitoa unga mweupe wa chumvi, piga brashi kavu, usioshe kwa maji, ukiosha chumvi inarudi ndani.

Kuhusu rangi zenyewe: njano ni ya chama fulani, nyekundu ni ya chama fulani, buluu ya kingine, kijani ya kingine, na kijani hiyo hiyo wengine wanaiona ya msikiti. Hamtazikwepa zote. Msiiache moja itawale, hasa mwaka wa uchaguzi, la sivyo ukuta wa dini utageuka ukuta wa siasa na mtaitwa ofisini.

Ratiba nayo ni kifaa. Jumatatu hadi Alhamisi, saa nane hadi saa kumi na moja. Ijumaa saa saba kuna swala, na jua likizama Sabato imeingia kwa Wasabato na Abayudaya. Jumapili mnaijua. Alasiri inaingia karibu na saa kumi, basi saa kumi wote mpumzike, si Waislamu peke yao. Mkisema "ninyi nendeni mkaswali, sisi tunaendelea," kipande chao kitachelewa na watu watanung'unika. Mapumziko yawe ya wote, hakuna aliyechelewesha mtu.

Chakula je? Hapa niwapeleke Namugongo, karibu na Kampala. Wengi tunapajua kwa mashahidi wa Kikristo waliouawa chini ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, kati ya 1885 na 1887, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Lakini kabla yao, katika miaka ya 1870, chini ya Mutesa wa Kwanza, waliuawa Waislamu, wengi wao vijana wa ikulu. Idadi inayotajwa mara nyingi ni 70. Kosa lao mojawapo? Walikataa kula nyama ya ikulu ambayo haikuchinjwa na Mwislamu. Nyama, ndugu zangu! Vijana wa umri wenu, hapa hapa Uganda, walikufa kwa jambo ambalo leo mratibu wa warsha analiita "suala dogo la menyu." Kwa hiyo msiweke nyama. Chai, maandazi, ndizi, au rolex: chapati na mayai, imekaangwa kwa mafuta ya mimea. Kila mtu mkononi, hakuna sahani ya pembeni ya "wale wengine."

Sasa lubugo, nguo ya gome la mti wa mutuba. UNESCO iliutambua ufundi wake mwaka 2005, na kwa sababu hiyo kila mradi wa sanaa siku hizi unautaka. Mimi pia naupenda. Lakini ujueni kabla ya kuununua. Gome huchunwa, mti ukafungwa majani ya migomba ili upone. Gome hupondwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji hadi likapanuka na kulainika, likaanikwa juani likawa jekundu la udongo. Ni nguo ya wafalme, na ni nguo ya maiti. Mwanafunzi mmoja atauona akakumbuka kutawazwa kwa Kabaka. Mwingine atamwona bibi yake kaburini. Wa tatu, aliyelelewa na walokole, ataona kibanda cha mizimu na hatataka kuugusa. Nani kati yao amekosea? Hakuna.

Kwa hiyo usiugawe kwanza ukauliza baadaye. Uwekeni mezani, kipande cha mita moja, mzunguke meza, kila mtu aseme nyumbani kwao aliambiwa nini kuhusu nguo hiyo. Asiyetaka kuugusa asiguse, na asiombwe sababu mara mbili. Saa moja ya meza hiyo ina thamani kuliko mihadhara mitatu ya kulinganisha dini. Na kwa ufundi: lubugo hunywa rangi na kulegea ukilowa. Ushoneni, upambeni kwa uzi, kateni vipande muunganishe. Mkipaka rangi, iwe nzito na brashi iwe karibu kavu.

Jambo la tatu, sura. Nani achorwe, nani asichorwe?

Msichore nabii yeyote. Wakristo husahau kwamba Isa na Musa ni manabii kwa Waislamu, wanadhani wakimwacha Muhammad wamemaliza. Hawajamaliza. Wako pia wanafunzi wasiotaka kuchora kiumbe chochote chenye roho, na hilo lisigeuzwe kesi. Wapeni kazi ya mapambo ya kingo na vitovu vya ukuta, na waambieni wazi kwamba ni kazi ngumu kuliko zote, kwa sababu ni kweli.

Nyota ya pembe nane, kwa mfano. Piga duara la nusu kipenyo sentimita 30. Pitisha mstari wa wima na wa mlalo katikati, upate nukta nne kwenye duara. Kutoka nukta mbili jirani piga tao mbili za upana uleule, zikutane nje ya duara. Unganisha hapo zinapokutana na kitovu, upate nukta ya tano. Rudia kwa zilizobaki, ziwe nane. Unganisha nukta ukiruka moja moja: mraba wa kwanza, mraba wa pili, nyota imetoka. Tumieni ufito wenye matundu mawili, tundu la msumari na tundu la penseli. Msitumie uzi. Uzi hurefuka ukivutwa, duara halifungi, na milimita 3 za kosa pale mwanzoni zinaonekana hadi getini. Wakristo wa kundi watashangaa kwamba muundo ule ule wa kuzunguka kitovu wanaujua kutoka vikapu vya mama zao.

Aya za vitabu vitakatifu, nashauri zisiwekwe ukutani. Kiarabu kinachonakiliwa na asiyekisoma hupoteza nukta, na nukta moja hubadilisha neno. Mvua itaichapa aya, mtu ataegemeza mguu pale, na siku ya kupaka upya hakuna atakayethubutu. Aya ziandikwe kwenye karatasi kwa maonyesho ya siku moja, kisha kila karatasi irudi kwa mwenyewe.

Ziara nitazipitia kwa haraka. Nendeni na penseli, simu zibaki mfukoni. Picha ya simu ni sekunde moja na umeondoka, mchoro ni dakika 20, na katika dakika 20 mwenyeji atakuja kuchungulia unachora nini. Hapo ndipo mazungumzo huanza, tena yeye ndiye aliyeyaanza. Chagueni sehemu moja ya kuchora kila mahali: mlango. Msikiti wa Taifa wa Old Kampala, viatu nje, kichwa kifunikwe. Hekalu la Wabahai la Kikaaya, Kampala, lililofunguliwa 1961, lenye pande tisa, na ndani hakuna sanamu wala picha. Namugongo, ambako kanisa la Wakatoliki linashikiliwa na nguzo 22 kwa mashahidi 22, eneo la Waanglikana liko karibu, na msikiti wa mashahidi wa Kiislamu pia. Ombeni ruhusa kwa barua wiki mbili kabla, na msiende Namugongo karibu na tarehe 3 Juni, hamtapata pa kukanyaga.

Mchezo wa jukwaani nao unafaa, kwa masharti. Njia ya Augusto Boal, mwanatamthilia wa Brazili, inafahamika: igizo fupi la dakika 7 linaloishia vibaya, linarudiwa tangu mwanzo, na mtazamaji yeyote anaweza kusema "simama," akaingia mahali pa mwigizaji na kujaribu njia nyingine. Chagueni jambo la hosteli. Chumba kimoja, vitanda vinne. Mmoja anaamka alfajiri kuswali na kengele ya simu inalia mara tatu. Mwingine anarudi saa tisa usiku kutoka kesha akiimba. Linatosha kabisa. Masharti ni mawili: ibada isiigizwe, mtu aseme tu "natoka kuswali" na atoke, na mtu asiigize dini isiyo yake. Najua wapo wanaopenda kubadilishana, Mkristo awe Mwislamu na kinyume chake, eti ndio huruma. Mimi naona ni mapema mno kwa vijana waliojuana juzi. Kinachotoka ni lafudhi za kuchekesha na kanzu ya kuazima, na aliyechekwa hasahau.

Mwisho, ukuta ukiisha ni wa nani? Swali hili liulizwe mwanzo, si mwisho. Andikeni karatasi moja, ukurasa mmoja. Isomeke: ukuta ni wa chuo. Marekebisho yafanywe na watu wawili wa dini tofauti wakiwa pamoja, asiwe mmoja usiku. Mtu akilalamikia sehemu ya picha, makundi yanayopakana na sehemu hiyo ndiyo yakae, si kamati ya wakubwa. Na baada ya miaka 2 ukuta upakwe mweupe wote, wanafunzi 24 wapya waanze upya mipaka yao 7. Wachoraji wa kwanza watalia. Waacheni walie, maana mafunzo yalikuwa katika kuuchora, na wapya nao wanayahitaji. Karatasi hiyo isainiwe na makundi sita, mlezi wa kila dini, na mkuu wa majengo, kabla hamjanunua brashi hata moja.

Asanteni kwa kunisikiliza. Sasa maswali.